Chokaa Kwenye Bahari ya Baba Mkwe

Hii habari nimeikwepa sana, na wakati mimi naikwepa, wale waliokuwepo siku ile wameisimulia kwa niaba yangu mpaka imefika Likasi ikiwa na mambo ambayo hayakutokea kabisa (ati nilitumbukia mzima mzima ndani ya maji na suti yangu, uongo, uliingia mkono mmoja tu, mpaka begani). Kwa hiyo bora niseme mwenyewe, mnicheke mara moja, tumalize. Mimi Trésor, mtu mzima na ndevu zangu, niliwaua samaki wa baba mkwe wangu mbele ya familia mbili, siku ya kwenda kujitambulisha, na niliwaua huku nikiwasaidia.

Nianze na kazi yangu, maana kiburi chote kilitokea huko. Nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha shaba na kobalti hapa Kolwezi, upande wa labo, na nikisema labo msinifikirie nimevaa koti jeupe nikichungulia darubini. Mimi nazunguka na chupa, nachota maji kwenye matangi, nachovya kipimo, nasoma pH, naondoka. Hiyo pH ni namba tu ya kukuambia maji ni makali kiasi gani: ikiwa chini, maji ni acide, yatakutoboa suruali, ikipanda, yametulia, ikizidi kupanda, yanaunguza tena. Kwenye matangi ya mwisho namba ikishuka kupita kiasi, unapiga kelele "Chaux!", mwenzako anafungulia maji ya chokaa, namba inapanda, watu wanarudi kwenye chai yao. Ndiyo elimu yangu yote hiyo. Lakini mtaani kwetu Manika walikuwa wananiita Ingénieur, na sikuwahi kumsahihisha hata mmoja.

Sasa Nadège, ambaye ndiye niliyekuwa nataka kumuoa, ana baba anaitwa Tata Kalenga (tata ni baba). Mzee huyu aliendesha malori makubwa miaka mingi, akibeba shaba kutoka huku kwetu mpaka bandarini Dar es Salaam, na kila akishusha mzigo, kabla hata ya kula, alikuwa anaenda kuvua viatu na kusimama kwenye maji ya bahari. Halafu mgongo ukamkatalia, akarudi kukaa nyumbani, na kitu alichokikosa hakikuwa lori wala barabara wala marafiki wa mpakani, ilikuwa ile bahari. Basi akaitengeneza sebuleni. Sanduku la kioo refu kuliko kochi, pampu, taa ya bluu, mawe, chumvi ya pekee inayokuja kwa mifuko kutoka Afrika Kusini, na samaki wa kila rangi ambao alikuwa anawafuata mwenyewe Lubumbashi na kurudi nao amewapakata kama mtoto mchanga. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, hao aliwaita Shofere na Bibi Yake (shofere ni dereva, na huku kwetu bibi ni mke, msije mkadhani alikuwa nyanya). Umeme ukikatika, na unakatika, jenereta pale nyumbani ilikuwa ya samaki kwanza, halafu friji, halafu binadamu.

Wiki ile ya kujitambulisha Nadège akaniambia, "Papa haiko mutu ya maneno mingi. Ukitaka akupende, umuulize juu ya maji yake." Basi, hayo tu. Mtu mwenye akili zake angeuliza samaki wanakula nini, akasikiliza jibu, akanywa soda yake. Mimi nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi kumuomba kile kipimo kidogo cha pH cha mkononi, nikirudishe Jumatatu.

"Unaenda kupima nini?" akaniuliza.

"Maji ya bukwe," nikamjibu, yaani ya mkwe, na akacheka, akanipa. Angeninyima siku ile, leo ningekuwa namnunulia bia kila mwisho wa mwezi.

Jumapili baada ya misa tukafika. Aliyekuwa msemaji wetu ni baba yangu mkubwa, Tata Ngoy, ametoka Fungurume tangu alfajiri na kofia yake ya sherehe. Nyumba ilikuwa inang'aa. Mama Odile, mama yake Nadège, alikuwa amepaka chokaa ukuta wote wa mbele, na miti ya uani nayo ikapakwa mpaka magotini, na ndoo ya chokaa iliyobaki ilikuwa pale barazani imefunikwa na gazeti. Sebule ilijaa majirani na ndugu. Tata Ngoy akaongea, na akiamua kuongea anaongea. Akasema tumeona ua kwenye uwanja wa watu, tumekuja kubisha hodi, mambo hayo yote mnayajua, na wazee wa upande wa pili wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mambo yalikuwa mazuri. Nawaambia kweli, kama ningekaa kimya nusu saa tu zaidi, tungekula, tungepewa siku ya mahari, tungerudi nyumbani tukiimba.

Lakini kulikuwa na ile nafasi ya kimya, wakati vinywaji vinasubiriwa na kila mtu anaangalia viatu vyake, na mimi kimbelembele changu hakikuweza kuiacha ipite.

"Tata," nikasema, "na maji ya samaki inaendelea muzuri?"

Uso wa mzee ukafunguka. Akaanza kunieleza chumvi, pampu, joto, na yule mtu wa maneno machache akawa na maneno mengi, na Nadège akanitupia jicho kutoka mlangoni la kusema vizuri, endelea hivyo hivyo. Hapo ndipo pa kuishia. Mimi nikaingiza mkono kwenye koti, nikatoa kipimo.

"Mi ku kazi njo napimaka maji kila siku," nikasema. "Tata, uniruhusu niangalie pH?"

Kisha nikatia chumvi (kama vile maji yale hayakuwa nayo ya kutosha), nikawaambia kwamba kule kiwandani bila mimi kusoma namba hakuna tangi linalosogea. Tata Kalenga akasema, "Pima, mutoto wangu." Watu wakasogeza viti. Nikachovya kipimo, nikasubiri kama ninavyosubiri kazini, nikasoma kwa sauti ya redioni: "Sita virgule tatu," yaani sita nukta tatu.

Mimi mwenyewe nilishtuka. Nilikuwa nimesikia tu kwamba maji ya bahari yanapita nane. Nikachovya tena, ikaja ile ile. "Tata," nikasema, "hii maji iko acide."

Sasa mnajua sisi watu wa huku. Mtu wa Kolwezi akisikia acide, mdomo unajibu chaux kabla kichwa hakijaulizwa. Mle sebuleni hakukuwa na mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi kiwandani, au kuolewa na aliyefanya, au kuchimba kwenye mgodi wa Mashamba. Tata Ngoy ndiye aliyeanza: "Kama iko acide, si batie chaux!" Jirani mmoja, mstaafu, akasema ndiyo, lakini iwe lait de chaux, ile ya majimaji, kidogo kidogo. Mama mmoja anayeuza beignet, yaani maandazi, sokoni akasema, "Na mukoroge, juu isipokoroga inakaaka chini." Mazungumzo ya posa yakageuka zamu ya mchana ya kiwanda, kila mtu fundi, na mtu akakumbuka kwa sauti kwamba chaux si hiyo hapo nje, imebaki kwenye ndoo?

Mama Odile alikuwa anapita na glasi. Akasimama. "Lakini Tata Nadège," akamwambia mumewe, "asubuyi si ulikuwa..."

"Mama," mzee akamkata kwa upole, "letea bageni bintu ya kunywa."

Nikamgeukia. "Tata, tutie?"

Akaangalia maji yake. Akaniangalia mimi, akawaangalia wageni, akamwangalia Tata Ngoy na kofia yake. Halafu akasema, "Kama mutoto anasema, basi. Yeye njo wa labo." Na mimi mjinga nikaisikia ile kama sifa.

Ndoo ikaletwa. Kikombe cha kwanza nikakimimina kwenye kona, yakatokea mawingu meupe yakashuka kwenye mawe. Nikachovya kipimo: sita virgule tano. "Inapanda!" nikasema, na wakapiga makofi. Jamani, walipiga makofi! Kikombe cha pili. Cha tatu. Kazini tangi lina mashine ya kukoroga, hapa haikuwepo, basi nikavua mkono mmoja wa koti, nikapandisha shati, nikazamisha mkono mpaka begani nikawa nakoroga mwenyewe, huku naeleza, nikiwa na mgongo kwa mwenye nyumba. Maji yakawa meupe kabisa, huoni jiwe, huoni samaki. Nikasema hiyo ni kawaida, yatatulia. Sikuwa najua kama ni kawaida. Nilisema tu, kwa sababu nilikuwa ndiye naongea.

Kikombe cha nne sikukimaliza. Bibi Yake alitokea juu ya yale maziwa, amelala ubavu, mdomo unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga, na rangi yake ya chungwa ilikuwa kitu pekee chenye rangi mle ndani. Halafu akatokea mwingine wa njano. Halafu wale wadogo wa bluu, wote pamoja.

"Yesu wangu," akasema Mama Odile.

Mngesema hapo ningesimama. Mtu aliyeshikwa na haya hasimami, anaongeza mwendo. Nikapiga kelele waniletee beseni na maji safi, beseni likaja limejaa maji ya bomba, nikawachota samaki kwa mikono yangu yenye chokaa nikawatupa humo, na walipokwisha kuingia ndipo nilipokumbuka kwamba hawa ni wa maji ya chumvi. "Chumvi!" nikasema. Tata Ngoy, kofia imekaa upande, akakimbia jikoni akarudi na pakiti ya chumvi ya kupikia, akaimwaga yote. Mama wa beignet alikuwa analia. Mimi bado nilikuwa nimeshika kipimo kwenye mkono wa pili, nacho kilikuwa bado kinanionyesha namba nzuri.

Tata Kalenga akainuka. Kwa ule mgongo, kuinuka kwake ni kazi, na hakuna aliyethubutu kumshika.

"Muache," akasema. "Muache yote."

Kule stoo alikuwa na pipa la maji ya bahari aliyoyatengeneza, ya kubadilisha. Akaenda kuyachota mwenyewe, ndoo kwa ndoo, na kila niliposogea kumsaidia alinizunguka bila kunigusa, kama unavyozunguka kiti. Akawahamisha mmoja mmoja. Shofere ndiye aliyekuwa bado anapumua. Bibi Yake alimbeba kwenye kiganja, akakaa naye hapo kwenye kochi, mbele ya watu wote, akimmwagia maji kidogo kidogo kwa vidole, muda mrefu baada ya sisi sote kuona kwamba ameshakufa. Nadège alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kuku. Hakuniangalia. Nimewahi kuona haya mara nyingi maishani, lakini ile ya siku ile sikujua inaweza kuingia mpaka kwenye mifupa.

Mama Odile ndiye aliyetufungia shughuli. "Tata Ngoy," akasema, na sauti yake ilikuwa ya adabu kuliko nilivyoweza kuvumilia, "kwa leo tuishie hapa. Tutabaita." Hatukula. Kwenye taksi ya kurudi, baba yangu mkubwa aliinyoosha kofia yake mpaka mzunguko wa barabara, halafu akasema, "Lakini Trésor, ile maneno ya chaux, ni nani alianza?"

"Ni wewe, Tata."

"Mi? Mi nilisema *kama*."

Jumatatu nikarudisha kipimo nikamsimulia mkubwa wangu, akacheka mpaka aliponiona uso wangu, akaacha. Akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua: kipimo kile kimewekwa sawa kwa maji ya matangi yetu, maji makali, na mimi nilikichovya kwenye maji ya bahari bila kukiweka sawa upya. Ile sita virgule tatu haikuwa namba ya maji ya Tata Kalenga. Haikuwa namba ya kitu chochote.

Wajomba wa Nadège wakakaa kikao. Habari zilizonifikia zilikuwa kwamba wamesema mtu akiingia nyumba ya watu siku ya kwanza na kuacha vifo, msichana asipewe, na mwenye uchungu zaidi alisema hata bure asipewe. Simu ya Nadège ilikuwa inaita tu. Nilikuwa naamka, naenda kazini, nachovya kipimo kwenye matangi, na kila namba naisoma mara mbili. Nilijua nimempoteza, na nilijua sikumpoteza kwa umaskini wala kwa mwanamke mwingine, bali kwa mdomo.

Siku Nadège alipokuja mwenyewe, hakukaa. Alisimama uani kwetu akaniambia, "Papa alikuwa amepima asubuyi."

"Amepima nini?"

"Maji. Anapimaka kila Jumapili mbele ya misa, na ile dawa ya matone yenye kubadilisha rangi. Maji ilikuwa muzuri."

Nilikaa chini. "Alijua?"

"Alijua."

"Sasa juu ya nini hakusema?"

"Kamuulize yeye mwenyewe," akasema, akaondoka.

Nikaenda peke yangu, bila Tata Ngoy, bila suti. Nilimkuta Tata Kalenga anakwangua chokaa iliyoganda kwenye kioo kwa ndani, polepole, na kile kisu kidogo kikitoa mlio wa kuumiza meno. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kuomba radhi, yote ikanitoka kichwani. Nikamuuliza tu: "Tata, kama ulijua, kwa nini uliniacha?"

Aliendelea kukwangua kidogo.

"Mutoto," akasema, "ungekuwa mutu wa kupita, ningekufukuza na kile kintu yako. Lakini ulikuja kwangu kuwa mutoto. Tata yako mukubwa alikuwa pale, bajirani yote balikuwa pale. Niseme nini? Niseme bukwe yangu hajue kazi yake? Siku ya kwanza?" Akafuta kisu kwenye kitambaa. "Nikasema, atatia kikombe moja, samaki itavumilia, maneno itapita. Haukusimama."

Nililia, sioni haya kusema, haya yangu nilikuwa nimeshaimaliza mle mle ndani. Laiti angenipigia kelele ile Jumapili! Laiti angeninyang'anya kile kipimo akakitupa nje, ningeaibika kwa wiki moja na samaki wangekuwa wanaogelea. Alichagua kubeba yeye ili mimi nisibebe, na mimi nikamwongezea mzigo kikombe kwa kikombe nikiwa nimempa mgongo.

"Nadège utamupata," akasema. "Bajomba nilishakwisha kubaambia, mutoto ni wangu. Lakini ile ya samaki usiniombe tena musamaha. Kila mara unaomba, mi naanza tena kuiona."

Basi simuombi. Ndiyo adhabu yangu hiyo, kukaa nayo. Shofere yupo, anakaa upande mmoja wa mawe, na mzee hajamtafutia mwenzake, na mimi nikienda pale kila Jumapili nabeba ndoo za maji, nafuta vumbi la pampu, na siulizi.

Tumeoana na Nadège, tunaishi nyumba ya pili kutoka kwao. Kiapo changu hakikuwa cha kutopima tena (napima, ndiyo mkate wangu). Niliapa nisionyeshe ujuaji wangu kwenye nyumba ya watu wenye heshima kunizidi, kwa sababu watu wa namna hiyo hawatakuzuia, watakuacha uharibu kila kitu na watakuitikia. Mnadhani nimekishika? Mvua zilipoanza nilipanda juu ya paa la jiko la Mama Odile kupigilia bati lililolegea, na huko juu nikajikuta namweleza baba mkwe, aliyekuwa chini anashikilia ngazi, jinsi bati linavyopigiliwa, msumari hapa, msumari hapa, na yeye ananiitikia, "Njo vile, mutoto wangu. Njo vile." Halafu nikatazama chini. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikashuka. Nikaweka nyundo chini, nikamwambia, "Tata, uniambie kweli."

Akaangalia kama kuna mtu karibu anayetusikia, hakukuwa na mtu.

"Misumari unaipiga mu bonde ya bati," akasema. "Maji itaingia yote. Inapigwaka ku mugongo."

Nikapanda tena kuing'oa, mmoja mmoja, na nilikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi sikuwa nayo.